Kuchagua viatu vya mbio fupi kwa mazoezi ya kwenye nyasi

Wakimbiaji wengi wa mbio fupi katika nchi zetu hufanya mazoezi kwenye nyasi. Wengine hutumia uwanja wa shule uliochorwa mistari kwa chokaa, wengine kiwanja cha mpira cha kata ambacho asubuhi ni cha mazoezi na jioni ni cha ligi ya mtaa. Hakuna sababu ya kuona aibu. Klabu ya MVP ya Kingston, Jamaika, iliwalea Asafa Powell na Shelly-Ann Fraser-Pryce kwa mazoezi mengi kwenye njia ya nyasi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia, na Powell akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Athens mwaka 2005. Ferdinand Omanyala, aliyefikia muda huohuo wa 9.77 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, alitokea kwenye raga, mchezo wa nyasi. Nyasi zinaweza kumjenga mkimbiaji wa kweli.

Tatizo liko miguuni. Viatu vingi vya mbio fupi vimebuniwa kwa ajili ya tartani, ile sakafu ya kutengenezwa ya viwanja vya riadha, na ushauri mwingi unaotolewa juu yake ni wa tartani pia. Kijana akijibana akanunua spaiki, yaani kiatu chenye misumari chini, aliyoiona kwa bingwa kwenye runinga, anaweza kukuta kwamba kwenye uwanja wake haimshiki kabisa au inamuumiza ukano wa kisigino. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa mwalimu wa michezo anayemfundisha.

Kwanza tuelewane kuhusu kuteleza. Unapochomoka, yaani unapoanza mbio kwa nguvu, mwili umeinama mbele na mguu unasukuma ardhi kwenda nyuma. Hapo ndipo kiatu huteleza kwa urahisi zaidi, katika hatua saba au nane za mwanzo. Ukishasimama wima na kufikia kasi yako kubwa, nguvu nyingi inakwenda chini, si nyuma, na hata kiatu chenye soli ya kawaida hushika vizuri kwenye nyasi kavu. Hatari inarudi mwishoni, unapopunguza mwendo, na kwenye kona. Kwa hiyo usiulize tu, "Kiatu gani ni kizuri?" Uliza leo unachomoka, unakimbia wima, au unakata kona, tena juu ya ardhi ya namna gani.

Hatua ya 1: Soma uwanja kabla ya kwenda dukani

Nenda uwanjani saa ileile unayofanyia mazoezi. Uwanja wa saa kumi na mbili asubuhi wenye umande si sawa na uwanja huohuo saa kumi jioni, jua likiwa limeukausha. Chukua bisibisi ya kawaida, isukume ardhini kwa nguvu ya mkono tu, bila kugonga. Jaribu sehemu nne au tano: katikati, pembeni, na mbele ya goli, ambako nyasi huwa zimeisha.

Ikigoma kuingia, ardhi hiyo ni ngumu. Misumari ya spaiki haitazama. Utakuwa umesimama juu ya ncha zake, na kila hatua itakugonga kwenye mto wa unyayo, ile nyama iliyo chini ya vidole. Uwanja wa namna hiyo ni wa raba, basi. Ikiingia kiasi cha sentimita mbili huku ukihisi ukinzani, una uwanja mzuri wa spaiki. Ikizama hadi kwenye mpini bila kujitahidi na maji yakajitokeza, siku hiyo hakuna kasi kamili, hata ukiwa na kiatu gani.

Nyasi zenyewe zina tabia. Ile nyasi ya Kikuyu ya nyanda za juu hujifuma kama godoro, na msumari mfupi huishia ndani ya godoro hilo bila kugusa udongo. Huko unahitaji msumari mrefu kidogo. Ukoka uliokatwa fupi ndio bora kuliko zote, kwa sababu mizizi imeshikana na udongo uko karibu. Pwani, kwenye kichanga chenye nyasi za kuhesabu, msumari unararua tu. Raba yenye soli pana na meno madogo mengi itakufaa zaidi. Na udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika hunata chini ya kiatu hadi unabeba kilo. Hapo ahirisha mazoezi ya kasi, fanya mazoezi ya nguvu ukumbini au chini ya mti.

Tembea pia njia yote utakayokimbilia, pamoja na mita 30 za kupunguzia mwendo mbele yake. Tafuta mashimo ya fuko, mawe, vipande vya chupa na mbigili. Nyasi zikifika kwenye kifundo cha mguu zinaficha vyote hivyo, kwa hiyo zikatwe kwanza.

Hatua ya 2: Jua kazi ya siku hiyo

Wiki ya mkimbiaji wa mita 100 au 200 haina kasi kamili kila siku. Siku nyingi ni za mbio za wastani: mita 100 au 150 kwa nguvu ya asilimia 60 hadi 75, mara kadhaa, ukirudi kwa kutembea. Kazi hiyo ni ya raba. Kupasha misuli moto, kurukaruka, kupanda mlima na mazoezi ya kuinua magoti, yote ni ya raba vilevile. Anayevaa spaiki tangu anafika uwanjani hadi anaondoka anachosha vigimbi na ukano wa kisigino bila faida yoyote.

Spaiki ni za kazi mbili: kuchomoka kwa mita 10 hadi 40, na kukimbia kwa kasi kamili kwa mita 50 hadi 80. Kama nyasi ni kavu na fupi, hata hiyo kazi ya pili unaweza kuifanya kwa raba nyepesi bapa. Kuchomoka kwenye umande ndiko kunakodai misumari kwelikweli.

Kuhusu kona: mazoezi ya mita 200 kwenye kona ya nyasi yafanyike kwa kasi ya chini kuliko ile unayotamani, na kwa kiatu kinachoshika kiasi. Kiatu kinachoshika mno kinaugandisha mguu ardhini wakati mwili unageuka, na hapo goti na kifundo ndivyo vinavyolipa. Kiatu kikikushika mno kinakudhuru sawa na kinachoteleza, ila tu watu hawalioni hilo mapema.

Hatua ya 3: Chagua aina ya kiatu

*Raba ya mazoezi.* Huu ndio ununuzi wa kwanza, na kama fedha ni ya jozi moja tu, nunua hii. Usivutiwe na soli nene laini za kisasa. Zinafaa sana barabarani kwa mbio ndefu, lakini kwenye uwanja wenye mabonde madogo zinakuweka juu na kuyumba, na kifundo hupinduka kwa urahisi. Tafuta raba nyepesi yenye soli nyembamba kiasi, iliyo thabiti ukiibana pande mbili kisiginoni, na chini yake iwe na meno ya mpira ya milimita tatu hadi tano. Raba zilizotengenezwa kwa njia za milimani na porini mara nyingi zina meno hayo, na kwenye nyasi zenye unyevu zinashinda raba za barabarani kwa mbali.

*Spaiki za mbio za nyika.* Kama unataka spaiki yako ya kwanza na uwanja wako ni wa nyasi, ushauri wangu ni hizi, hata kama wewe ni mtu wa mita 100. Watu hushangaa. Lakini kiatu cha nyika kimezaliwa kwenye nyasi na matope: kinapokea misumari mirefu, kina sponji kidogo kisiginoni, na mbele kinapinda kuliko cha mbio fupi, kwa hiyo mguu ambao haujazoea hauumii upesi. Unapoteza ugumu kidogo wa bamba la mbele, ile sahani ya chini inayoshika misumari. Kwenye nyasi hasara hiyo ni ndogo, kwa sababu ardhi yenyewe laini inakula sehemu ya msukumo wako.

*Spaiki za mbio fupi.* Zina bamba gumu, ncha iliyoinuka, na kisigino chembamba ambacho karibu hakipo. Zimeundwa ili usiguse ardhi kwa kisigino. Zinafaa kwenye nyasi kwa mwenye misuli iliyozoea, siku za kasi kamili, uwanja ukiwa mzuri. Zile za bei kubwa zenye povu maalumu mbele sioni haja yake kwenye nyasi. Zimetengenezwa zifanye kazi juu ya sakafu ngumu inayorudisha nguvu, na tope huziharibu mapema. Ukinunua, zitunze kwa ajili ya siku ya mashindano kwenye tartani.

*Njumu.* Vijana wengi wanazo tayari, na swali hili halikwepeki. Njumu zenye meno ya kufinyangwa zinafaa kwa kuchomoka mita 10 hadi 30 kwenye nyasi zenye unyevu. Wachezaji wa mpira na raga hufanya hivyo kila siku. Ila zina meno kisiginoni yasiyo na kazi kwa mkimbiaji, ni nzito mbele, na kwenye ardhi ngumu kila jino linachimba unyayo. Zitumie ukiwa huna kingine, kwa mistari iliyonyooka. Usizitumie kukimbilia kona wala mbio za mita 150. Zile zenye meno marefu ya chuma ya kufunga kwa skrubu ziache kabisa kwenye mazoezi ya mbio.

*Pekupeku.* Mbio chache nyepesi bila viatu, mita 60 au 80 kwa mwendo wa kujiachia, huimarisha unyayo na kumfundisha mtoto kugusa ardhi vizuri. Napenda zoezi hili, kwa masharti. Uwanja uwe umekaguliwa, usiwe na unyevu wenye uchafu, kwa sababu minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi ya mguu kutoka udongo uliochafuliwa na kinyesi. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika. Na usimkimbize mtoto pekupeku kwa kasi kamili eti kwa kuwa hana kiatu. Mpe kazi nyingine hadi kipatikane.

Hatua ya 4: Misumari

Misumari ya spaiki huuzwa kwa urefu: milimita 5, 6, 7, 9, 12 na 15 ndiyo inayopatikana zaidi. Kwenye nyasi fupi zilizo juu ya udongo wa wastani, anza na 9. Nyasi nene au zenye umande, weka 12. Milimita 15 ni ya matope, na kama umefikia hapo rudi kwenye hatua ya kwanza ujiulize kama leo ni siku ya kasi. Spaiki za mbio fupi mara nyingi huja na misumari ya 5 au 6, ndiyo maana mtu huteleza nazo kwenye nyasi na kudhani kiatu ni kibovu. Badilisha misumari kwanza.

Umbo nalo lina maana. Chagua ya piramidi, pana chini na nyembamba nchani: inaingia kirahisi, inatoka bila kubeba udongo, haipindi. Ile myembamba kama sindano inapinda ikikutana na jiwe. Ile yenye ngazingazi, inayoitwa mti wa Krismasi, imetengenezwa ibonyeze tartani bila kuitoboa. Kwenye nyasi haina msaada.

Siku ya mashindano kwenye tartani usisahau kuitoa misumari mirefu. Sheria za riadha za kimataifa zinaruhusu hadi milimita 9 kwenye sakafu ya kutengenezwa kwa mbio, na viwanja vingi hushusha zaidi, hadi 7 au 6, ili kulinda tartani yao. Kwenye nyasi sheria ni pana zaidi. Nunua seti mbili na ufunguo wake, uviweke kwenye kikopo kimoja chenye kifuniko.

Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha kwa ufunguo robo mzunguko. Ardhi laini hulegeza misumari, kwa hiyo ikague katikati ya mazoezi. Na baada ya mazoezi ihesabu. Msumari mmoja uliopotea kwenye nyasi utaokotwa na unyayo wa mtoto anayecheza pekupeku hapo kesho yake. Ukipungua mmoja, tafuteni wote hadi muupate.

Hatua ya 5: Vaa, simama, chomoka

Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, ukiwa na soksi utakazokimbilia au bila soksi kama ndivyo unavyokimbia. Vaa vyote viwili. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na namba huchaguliwa kwa ule mkubwa.

Raba iache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu. Spaiki ibane zaidi: vidole vifike karibu na ncha bila kukunjwa, na katikati ya mguu pashikwe imara. Kisigino kisinyanyuke ukitembea kwa ncha za vidole. Usiamini namba iliyoandikwa, kwa kuwa 42 ya kampuni moja ni ndefu kuliko 42 ya nyingine, na namba za Uingereza na Marekani hazilingani. Pima kwa mguu.

Halafu chomoka. Muuzaji akiruhusu, piga hatua tano nje. Sikiliza kidole kidogo na ukano wa kisigino. Sehemu mbili hizo ndizo husema mapema kama kiatu kitakuumiza. Usidanganyike kwamba "kitapanuka." Bamba la spaiki halipanuki.

Hatua ya 6: Ukinunua mitumba

Gikomba, Karume na masoko mengine ya mitumba yana spaiki nzuri kwa anayejua kutazama, na mara nyingi za nyika ndizo zinazouzwa kwa bei nafuu kwa kuwa wanunuzi wengi hawazijui.

Anza na matundu ya misumari. Tembea na msumari mmoja mfukoni, uuingize kwa mkono katika kila tundu. Ukizunguka bila kushika, nyuzi za skrubu zimeliwa na tundu hilo limekufa. Msumari wa zamani ulioshikwa na kutu kiasi cha kutotoka ni kasoro kubwa zaidi, kwani huenda ukavunjikia ndani. Kisha kunja kiatu taratibu ukitazama bamba: ufa mdogo leo utakuwa bamba lililokatika baada ya wiki chache. Bonyeza sponji ya raba kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo midogomidogo pembeni, imezeeka, hata kama juu pamesafishwa pakang'aa. Vuta ncha ya soli uone gundi. Mwisho, linganisha namba za viatu vyote viwili, maana jozi za mitumba wakati mwingine huchanganywa.

Raba ya mitumba iliyolalia upande mmoja kisiginoni iache. Umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza limebaki humo.

Hatua ya 7: Izoeze miguu

Spaiki mpya ivae wiki ya kwanza kwa mbio nne tu za mita 30, mwisho wa kupasha misuli, kwa nguvu ya asilimia 80. Wiki ya pili ongeza idadi, wiki ya tatu ongeza kasi. Ruhusu siku mbili kati ya mazoezi ya spaiki. Kigimbi kikivuta kidogo kesho yake ni kawaida; maumivu ya nukta moja kwenye ukano wa kisigino, kwenye muundi au mfupa wa katikati ya mguu si ya kawaida. Rudi kwenye raba, na yasipoondoka, muone daktari au mtaalamu wa viungo.

Usifunge breki. Baada ya mstari wa mwisho acha miguu ipunguze yenyewe kwa zile mita 30. Wapo wanaoumia misuli ya nyuma ya paja na magoti baada ya mbio kwisha, kwa kuwa misumari imeshika na mwili bado unataka kwenda.

Hatua ya 8: Tunza

Nyasi huleta maji na udongo, na hivyo viwili huua kiatu kuliko kukimbia. Sugua tope kwa mswaki wa zamani na maji baridi, toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, weka kivulini penye upepo. Usianike juu ya jiko wala kwenye jua la saa sita, gundi huachia.

Kila baada ya wiki mbili toa misumari yote, safisha nyuzi, paka mafuta ya mgando kidogo, rudisha. Usiache matundu wazi, udongo ukikaukia humo ni kazi kuutoa. Msumari uliopungua hadi nusu ya urefu wake badilisha, na ubadilishe misumari yote ya kiatu hicho kwa pamoja, kwa sababu mirefu na mifupi ikichanganyika mguu hukaa upande.